Gari Litoke Mbali, Nyumba Yake Ijengwe Kalemie

Nenda Kigoma, nenda Mbala, nenda Nairobi, utawakuta wageni wanaoishi ndani ya magari yao. Kitanda kiko nyuma, jiko pembeni, tangi la maji chini ya sakafu, na ramani ya Afrika imechorwa mlangoni. Ni Wajerumani, Waholanzi, Waingereza, watu wa Afrika Kusini. Wanatembea miezi, wanalala panapowapendeza, na wakirudi kwao wanalisimulia ziwa letu la Tanganyika kuliko tunavyoweza kulisimulia sisi tuliozaliwa kando yake. Na mtu wa Kalemie je? Anasafiri juu ya magunia, nyuma ya Fuso, ameshika kamba kwa mikono miwili, na akifika Moba hana alichokiona njiani ila vumbi.

Inatosha. Sisi ndio wenye ziwa hili lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina cha mita 1,470. Sisi ndio wenye Lukuga, mto unaoyatoa maji yake kwenda Lualaba. Mwalimu aliyestaafu, mzee aliyeitumikia reli tangu ujana, mama aliyesomesha watoto kwa biashara ya ndagala na mikebuka, vijana watatu wenye pikipiki za taksi: wote hawa wanastahili kuiona nchi yao na nchi za majirani wakiwa wamekaa vizuri na kulala chini ya paa lao wenyewe. Motokari ya mtumba iliyogeuzwa nyumba haiwezi kubaki kuwa mambo ya Wazungu. Wengi wetu tunaitamani, lakini tunakwama kwenye swali moja hadi tunachoka na kuachana na safari yenyewe: gari hilo linunuliwe wapi?

Nijibu nikiwa nimeishika njia mkononi, maana bila njia swali hilo halina jibu. Safari ninayoisukuma ni hii. Unatoka Kalemie kushuka kusini hadi Moba na nyanda za juu za Marungu, halafu Pweto kwenye ziwa Mweru, halafu Lubumbashi. Unavuka mpaka wa Kasumbalesa, unaingia Zambia, unapita Kapiri Mposhi na Mpika hadi Nakonde na Tunduma. Unaingia Tanzania: Sumbawanga, maporomoko ya Kalambo ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, kisha Mpanda na mbuga ya Katavi, kisha Kigoma na Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Toka Kigoma unapakia gari melini, unavuka maji ya karibu kilomita 130, unashuka bandarini kwako. Umezunguka nusu nzima ya kusini ya Tanganyika na kuingia kwako kwa mlango mwingine. Kuna safari gani nzuri kuliko hiyo? Kaskazini, njia ya Fizi na Uvira, simsukumi mtu kuipita na watoto wakati huu wa vita. Kusini nako, kabla ya kutoka, waulize madereva wa malori waliopita wiki ileile; hao wanaijua Moba na Pweto ilivyo leo, siyo ilivyokuwa mwaka jana.

Sasa tazama njia hiyo inavyodai. Upande wa Kongo ni matope au vumbi, mawe, madaraja ya magogo, na gereji ambazo fundi wake ana spana na akili yake tu. Upande wa Zambia na Tanzania ni lami kwa sehemu kubwa, ila unaendesha kushoto. Kwetu tunaendesha kulia. Mazuti yanapatikana kila mji. Fundi wa kompyuta ya gari hapatikani huko milimani Pepa. Ukiyaweka haya mbele, nusu ya masoko yanajiondoa yenyewe.

Ndugu zetu walioko Ubelgiji watakusifia Heyvaert, ule mtaa wa Brussels ambako kwa miaka mingi magari ya mtumba yamekusanywa kabla ya kupelekwa bandari ya Antwerp na kupakiwa kuja Afrika. Huko utakuta magari ya kulala yaliyokamilika, yana friji, choo, mapazia, na usukani uko kushoto kama tunavyotaka. Yanavutia sana. Lakini mengi ya aina hiyo Ulaya yamejengwa juu ya Fiat Ducato, gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, limekaa chini, na mkia wake umetokeza nyuma ya ekseli. Lipeleke kwenye mlima wa matope limebeba nyumba nzima mgongoni: uzito unarudi nyuma, magurudumu ya mbele yanapoteza nguvu ya kushika, gari linabaki pale. Tena meli ya Antwerp ikikushushia Matadi, uko upande wa pili wa nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3, na kati yako na Kalemie kuna mto, reli na njia ambazo zitakula fedha yote ya safari. Yaya wangu wa Brussels, tunakupenda. Tutumie fedha. Gari tutalichagua huku.

Japani nao wana magari yao ya kulala, mengi yamejengwa juu ya Toyota Camroad, na jina la Toyota linatuliza moyo. Ila yametengenezwa kwa lami ya Japani, yako juu na mazito, na usukani uko kulia. Unanunua kwa picha, unasubiri meli ifike Dar es Salaam, unaomba Mungu. Kwa anayetaka Hiace ya kawaida au Land Cruiser isiyo na mapambo, Japani ni soko la kweli, kwa sababu magari yake hutunzwa na hukaguliwa. Kwa gari la kulala lililokwisha kujengwa, hapana.

Dubai, mama zetu wanaokwenda kununua vitambaa na simu wanaijua kuliko mimi. Eneo la magari la Ras Al Khor linauza ya usukani wa kulia na wa kushoto, mengi yakiwa ya kupelekwa Afrika, na kwa kuwa mvua ya Ghuba ni chache, mabati mengi hayana kutu. Swali la kuuliza pale ni moja tu: injini inatumia nini? Wenyeji wa Ghuba wamezoea esansi. Land Cruiser ya esansi ikipanda Marungu imebeba kitanda, maji na watu watano, itakunywa hadi uanze kuhesabu vituo vya mafuta badala ya kutazama mandhari. Ukipata ya mazuti, yenye usukani wa kushoto, Dubai inakuwa soko la kuheshimika.

Kuna soko jingine ambalo watu wetu hawalifikirii, nami naliona la thamani. Nairobi ina kambi inayoitwa Jungle Junction, ambako wasafiri wanaovuka Afrika hupumzika, hutengeneza magari, na wengine huyauza wakichoka. Baadhi wametoka Ulaya na usukani wa kushoto. Kenya haisajili magari ya namna hiyo kwa mtu wa kawaida, tena ina kikomo cha miaka 8 kwa gari la mtumba linaloingia. Kwa hiyo Mkenya hana haja nalo, na mwenye gari ana tiketi ya ndege mfukoni. Mnunuzi anayeendesha kulia, kama sisi, ndiye aliyekosekana pale! Gari limekwisha kujaribiwa na njia zenyewe, limepita Sahara au limepita Sudan, na nyumba iko ndani. Ila kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda duane hapa Kalemie na swali lako limeandikwa: mwaka wa gari, aina ya injini, ushuru kiasi gani. Kongo nayo ina kanuni ya umri wa magari ya mtumba, na gari zuri lisiloruhusiwa kuingia ni chuma tu.

Baada ya yote hayo, kwa mtu wa Kalemie anayeanza, mimi nasema Lubumbashi.

Najua gari la Lubumbashi ni ghali kuliko lile la kwenye picha ya Japani. Lakini hesabu yote. Limekwisha kulipiwa ushuru. Lina namba ya Kongo na cheti cha umiliki, ile karte rozi ambayo kila bariere itakuuliza. Usukani uko kushoto, ukichagua hivyo. Unaligusa, unaliendesha, unamleta fundi wako alisikilize. Na jambo ambalo kwangu linazidi mengine yote: limekwisha kuishi Katanga. Kama chesi yake ilikuwa ipasuke, imepasuka, na wewe unaona. Kama rejeta ilikuwa ishindwe na joto, imeshindwa, na mtu amekwisha kuibadilisha. Gari lililotoka baharini jana linaficha ugonjwa wake hadi siku liko peke yake kati ya Pweto na Moba, nawe uko ndani.

Dar es Salaam naiweka ya pili, kwa mwenye ndugu wa kumwamini pale. Bandari inapokea magari ya Kongo kila siku, na madereva wa IT, yaani wa magari yanayopita nchi, wanayapeleka Tunduma na Kasumbalesa kama kazi yao ya kila wiki. Unaweza pia kulipitisha Kigoma: reli ya kati, karibu kilomita 1,250 kutoka Dar, ilifika Kigoma mwaka 1914 na hadi leo ndiyo njia ya mizigo ya ziwa. Dar kuna wingi, na wingi huleta bei. Ila karatasi za kupita nchi na ushuru wa kuingia Kongo vyote vinakungoja, na usukani karibu wote ni wa kulia. Anayeendesha kulia na usukani wa kulia hawezi kulipita lori bila kumwuliza aliyekaa kushoto kama mbele ni peupe. Kwa safari ya familia, milimani, nasema usukani wa kushoto.

Aina gani? Nitakuwa wazi. Kama ni watu wawili au watatu na njia ni ile ya Marungu, tafuta Land Cruiser ndefu ya familia ya 70, ile yenye injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, mazuti, haina turbo wala kompyuta. Magari ya familia hiyo yametengenezwa tangu mwaka 1984, mashirika na misheni zimeyatumia hapa hadi watoto wanaijua sauti yake, na piesi zake zinapatikana Lubumbashi, Kigoma, Mbeya, popote. Kama ni watu watano au sita, Hiace ndefu ya paa la juu inatosha, ila uwe tayari kuzuia haraka yako na kusafiri kiangazi tu. Canter ina nafasi kubwa zaidi na chesi ya kubeba, lakini inatikisa mifupa. Kwa wazee, siyo hiyo.

Ukifika Lubumbashi usilogwe na rangi. Lala chini ya gari. Tazama chesi pale springi zinaposhikwa, uone nyufa au chuma kilichochomelewa upya. Linganisha namba iliyogongwa kwenye chesi na ile ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Njoo asubuhi injini ikiwa baridi, uwashe mwenyewe: moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokoma waweza kuwa maji yanayoingia penye moto. Sikiliza difu ukiachia mafuta. Lipandishe kilima likiwa na watu ndani. Muuzaji akikuharakisha, shukuru, ondoka. Mama anayechagua mikebuka bandarini kabla jua halijatoka hadanganywi na samaki aliyelala. Macho yaleyale yanatosha kwa gari.

Na nyumba? Nyumba ijengwe hapa.

Asikwambie mtu kwamba kazi hiyo ni ya Ulaya. Vyombo vilivyopata jina zaidi katika ziwa hili vilitoka mbali na vikaandaliwa kando ya maji haya. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, boti mbili za mbao zilizoitwa Mimi na Toutou zilitoka Uingereza. Hazikukusudiwa ziwa hili hata kidogo. Mwanzo ziliagizwa kwa ajili ya Ugiriki. Zilipakiwa meli hadi Cape Town, zikapandishwa treni hadi Fungurume, kisha zikakokotwa na mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kwa njia iliyofyekwa na watu wetu waliotengeneza zaidi ya madaraja 100. Zikashuka Lualaba hadi Kabalo, zikapanda reli mpya hadi hapa kwenye mlango wa Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Vitabu vinamtaja kamanda wa boti hizo, Spicer-Simson. Waliobeba, waliofyeka, waliosukuma, majina yao hayakuandikwa, na sisi ndio wajukuu wao.

Ng'ambo ya pili, Wajerumani walikuwa na meli yao Graf von Goetzen. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 wenyewe waliizamisha, baada ya kuzipaka injini grisi nzito ili maji yasiziharibu. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini iliyolala chini ya maji kwa miaka iliamshwa kando ya ziwa hili. Nawe unaogopa kuweka kitanda ndani ya Hiace?

Mafundi tunao. Wako wanaotia maboti kalafati kando ya maji, na kiungo chao hakiingizi hata tone. Waite wazibe dirisha la paa. Wako mafundi wa kuchomelea waliojifunza kwa wazee wa reli na wa meli. Wako wanaofunga paneli za sola kila wiki katika mitaa ya Kataki na Lubuye. Wape kazi hii, na uwape masharti. Kusiwe na misumari: njia ya Moba huitoa yote kabla ya siku ya pili, iwe bolti na gundi. Mbao ziwe nyepesi, na kila kitu kizito kikae chini na katikati ya ekseli mbili. Maji lita 80 ni kilo 80, uyahesabu kama mtu mzima mmoja zaidi. Mtungi wa gesi ukae nje au kwenye sanduku lenye tundu chini, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Kitanda kiwe na sanduku chini yake, meza ikunjwe ukutani, chandarua kishonwe kulingana na madirisha. Usijenge choo. Jenga sehemu ya kuhifadhi koleo, ndoo, mbao mbili za kuwekea magurudumu penye tope, na kamba nene ya kuvutia.

Fedha, najua, ndiyo inayonyamazisha watu. Lakini nani amesema gari liwe la nyumba moja? Tunaijua likelemba, kuchangiana fedha kwa zamu. Familia tatu zikiweka pamoja kwa mwaka mmoja au miwili, zinaandika majina matatu kwenye karatasi mbele ya shahidi, zinagawana miezi ya kiangazi. Nje ya zamu hizo gari linaweza kukodishwa kwa mtafiti, kwa daktari anayezunguka vijiji, kwa harusi ya Moba. Mwenye kusubiri hadi awe tajiri peke yake atasubiri akiwa amekaa.

Sasa jambo ambalo naomba ulishike. Safari ya kulichukua gari ndiyo safari yenyewe. Ukilinunua Lubumbashi, usilirudishe Kalemie kwa njia ya Pweto siku ya kwanza, hujalijua bado. Lipitishe Kasumbalesa, uingie Zambia, uendeshe lami zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Mpika na Kasama hadi bandari ya Mpulungu, ukiwa na kadi ya njano ya COMESA kwa ajili ya bima. Humo njiani kila mji una fundi na duka la vipuri; kama pampu ya maji inataka kufa, ife Kapiri Mposhi. Lala ndani yake hata kama ni godoro tupu sakafuni, ujue upepo unaingilia wapi na mguu wako unagonga nini, ili seremala asijenge kwa kubahatisha. Mpulungu zinapakiwa meli za mizigo za Moba na Kalemie. Uliza kwanza kama meli hiyo imewahi kubeba gari, linapandishwa kwa kreni au kwa mbao, na nani analifunga minyororo.

Na kalenda haikungoji. Mvua hupungua Aprili, na kuanzia Mei barabara ya Moba huanza kukauka. Anayetaka kuondoka na watoto shule zikifungwa katikati ya mwaka lazima awe amempa seremala gari lenyewe kufikia Machi. Safari ya kwenda kulichagua ni Januari, mvua ikiwa inanyesha, na njia ya lami ya Zambia haijali mvua hiyo. Kabla ya Januari unahitaji jibu la duane kwa maandishi, wenzako wa likelemba, na fundi mmoja wa Lubumbashi atakayelala nawe chini ya gari. Fundi huyo ana ndugu hapa Kalemie; kila fundi wa Lubumbashi ana ndugu hapa. Jioni hii pita gereji iliyo karibu nawe, uulize jina na namba ya simu ya fundi huyo wa Lubumbashi.